Tulivyochora Madoa ya Jua Mweiga

Nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na miwili niliajiriwa kuwa msaidizi wa maabara katika shule moja ya wasichana karibu na Mweiga. Kazi haikuwa kubwa. Niliosha chupa, nikapima asidi, nikafagia vioo vilivyovunjwa na wasichana wa kidato cha pili, na jioni nikafunga mlango kwa kufuli mbili. Nyumbani kwetu kulikuwa ng'ambo ya bonde, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Niliishi na baba peke yake. Mama alikuwa ameshafariki, na dada zangu wawili walikuwa wameolewa, mmoja Tetu na mwingine Chaka.

Fizikia ilifundishwa na mama mmoja wa Kizungu, mwembamba, aliyevaa sweta moja mwaka mzima. Alikuja na darubini yake kutoka kwao, ndani ya sanduku la mbao lenye kitambaa chekundu. Nilidhani ni ya kutazamia nyota. Kumbe yeye alikuwa na haja na nyota moja tu, nayo ilikuwa jua. Kila asubuhi, kabla ya vipindi, aliisimamisha darubini kwenye uwanja nyuma ya maabara, akaielekeza juani bila kuitazama, kwa kuangalia kivuli cha bomba lake tu chini kwenye nyasi. Kivuli kikifupika hadi kuwa duara, basi jua limeingia. Nyuma ya lenzi ya kutazamia alishika ubao wenye karatasi, na jua likaja kukaa pale kwenye karatasi, jeupe, la mviringo, upana wake kama kisahani cha chai.

Siku ya kwanza aliniita nione. Kwanza aliokota jani kavu la mkaratusi, akaliweka mahali ambapo mtu angeweka jicho. Sikuhesabu hata tatu. Jani lilitoa moshi, likatoboka.

"Sasa umejua," akasema kwa Kiswahili chake cha kuchagua maneno. "Jicho ni laini kuliko jani."

Halafu akanionyesha kitu kingine ndani ya sanduku: kioo kidogo cheusi, kama kitufe cha koti, kilichozungushiwa pete ya shaba. Waliotengeneza darubini walikitia humo ili kifungwe kwenye lenzi, mtu aweze kulitazama jua lenyewe. "Hiki usikitumie. Hata siku moja. Joto lote linakusanyika hapa, nacho hupasuka. Ningekitupa, lakini sipendi sanduku lenye tundu tupu."

Jioni ile nilimweleza baba yote, jani na moshi na kioo, nikiigiza sauti ya mwalimu. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Nalikumbuka jambo hilo vizuri. Ningependa niwe nimelisahau.

Mwalimu alinifundisha kuchora. Unakuwa na karatasi yenye duara iliyokwisha kuchorwa. Unalilaza jua ndani ya duara ile, na kila doa jeusi unaloliona unaliwekea alama ya penseli mahali pake hasa. Lazima uwe mwepesi, kwa sababu dunia haikai. Jua linateleza kwenye karatasi na kutoka, nawe unaisukuma darubini kidogo, unaendelea. Ukimaliza unahesabu. Madoa huja kwa makundi. Kila kundi unalipa kumi, kisha unaongeza doa mojamoja, na jumla yake ndiyo namba ya siku. Namba za mwezi zilitumwa kwa barua kwenye kituo kimoja cha ng'ambo, ambako watu walikusanya namba kama zetu kutoka nchi nyingi, ili wajue jua linavyochangamka na kutulia. Alisema huchukua kama miaka kumi na mmoja kutoka utulivu hadi utulivu.

Sisi tulianza wakati wa utulivu. Wiki nzima nilichora duara tupu. Niliona haya, nikadhani sijui kutazama, nikamwambia.

"Sifuri ni namba," akanijibu. "Iandike."

Baada ya miaka miwili mkataba wake uliisha. Aliiacha darubini kwa shule, akamwomba mwalimu mkuu kazi ile iendelee, akanikabidhi daftari. Hakuna mwalimu mwingine aliyetaka kuamka mapema kwa ajili ya duara tupu. Nikabaki nayo mimi, msichana wa kuosha chupa.

Hapo ndipo baba alipoingia. Kila asubuhi alipeleka maziwa kwenye banda la ushirika, karibu na lango la shule, na akishapimiwa alibaki na mitungi yake mitupu na hana haraka. Alianza kwa kusimama kwenye ua, akinitania.

"Mama, mnatafuta nini huko? Jua limepotea?"

Aliniita Mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake, na kwetu mtoto wa namna hiyo huheshimiwa hata na aliyemzaa. Siku moja nilimwomba anishikie ubao. Siku nyingine nilimwomba aandike namba ninazomtajia. Alikuwa amejifunza kusoma na kuandika katika darasa la watu wazima, lile tunaloliita ngumbaru, akiwa amepita miaka hamsini, na bado kuandika kulikuwa kwake kama kupanda miche: kila tarakimu aliishindilia udongo. Aliandika kwa kuinama sana, uso umegeuka upande, kwa sababu alikuwa na jicho moja tu la kutegemea. La kushoto lilipigwa kitako cha bunduki wakati wa Hali ya Hatari, kijiji kilipozungushiwa handaki, na tangu hapo lilikuwa na utando mweupe. Kwa jicho lile aliweza kujua mchana umefika, basi.

Lakini jicho la kulia lilikuwa la tai. Aliona doa kabla yangu. Na mawingu aliyajua kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya kazi naye. Ukungu wa milima ya Nyandarua ukishuka, mimi nilikuwa nafungafunga sanduku, yeye aliinua kidevu kidogo, akanusa, akasema, "Ngoja. Huu utapasuka kabla hujahesabu mia." Nikahesabu. Mara nyingi ulipasuka nikiwa sabini au themanini.

Kuna miezi ambayo hata yeye hakuiweza. Juni hadi Agosti, mbingu zetu huwa kifuniko cha sufuria. Mlima hauonekani, jua halionekani, ng'ombe wanasimama wakitoa mvuke. Tulikuja vilevile, tukasimama uwanjani na darubini imefunikwa gunia, tukingoja, halafu nikaandika neno moja kwenye daftari: mawingu. Kurasa nzima za mawingu. Ilinikera, kwa maana nilijua kwamba nyuma ya kifuniko kile jua lilikuwa linafanya mambo yake, makundi yanazaliwa na kufa, na hakuna ambalo ningeweza kulifanya. Baba hakukereka. "Umefika kazini," alisema. "Asiyefika ni yeye."

Mwaka wa tatu madoa yakaanza kuongezeka. Mwaka wa nne yalikuwa mengi hata tukachelewa vipindi tukiyahesabu. Tulikuwa tukilifuata kundi moja kuanzia linapochungulia kwenye ukingo wa mashariki, siku baada ya siku, kama wiki mbili, mpaka lilipozama ukingo wa pili. Na baba akilikosa siku mbili kwa ajili ya mvua aliuliza habari zake kama mtu anayeuliza mgonjwa. Kutoka ng'ambo ilikuja barua, ukurasa mmoja uliopigwa taipu, kutushukuru kwa michoro iliyofika bila kukatizwa. Nilimsomea. Aliomba nimsomee tena. Kisha akaichukua, akajisomea mwenyewe herufi kwa herufi ingawa haikuwa lugha yake, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia.

Ndipo redio ikatangaza kwamba jua litapatwa. Kusini ya nchi lingefunikwa lote. Kwetu lingebaki ukucha tu. Ilikuwa mwezi wa pili, kiangazi, mbingu safi. Mwalimu mkuu, mama mkali lakini mwenye haki, aliniita ofisini. Alikuwa amesikia kwamba shule nyingine hazina darubini. Angewaalika wazazi na bodi. Nilimwambia sawa, tutaliweka jua kwenye karatasi kubwa, watu wote wataona pamoja, hakuna hatari. Alikubali. Wiki nzima wasichana walichora mabango ya kuwaonya watu wasitazame juu.

Siku yenyewe ilianza vizuri kuliko nilivyotegemea. Baba alivaa koti lake la kanisani. Kazi yake ilikuwa kutazama saa ya mkono na kuandika dakika ambayo mwezi ungeliuma jua, kisha dakika ambayo ungelifunika kila kundi la madoa. Tulikuwa tumeyapa makundi namba. Watu walizunguka ubao mkubwa tuliouweka chini, mama wazee na mashuka yao, wapishi, wachungaji wawili, na duara nyeupe ikaanza kuliwa upande mmoja. Mtu alipiga kigelegele. Baridi ikaingia, kuku wa jikoni wakaenda kulala, kila chembe ya mwanga iliyopenya majani ya mkaratusi ikawa mwezi mchanga mdogo kwenye nyasi. Baba hakuinua kichwa. Aliandika.

Mwenyekiti wa bodi ya shule alifika jua likiwa tayari limeanza kurudi. Alikuwa mfanyabiashara wa mjini Nyeri, mtu mnene mchangamfu, aliyeijengea shule tangi la maji na hakuna aliyeruhusiwa kulisahau. Alikuja na wageni wake wanne. Watu walipisha. Akautazama ubao.

"Hii ni nini?"

"Ni jua, mzee," nikasema. "Linapita ndani ya darubini, linaanguka hapa."

"Hii ni kivuli. Mimi sijatoka Nyeri kuona kivuli, ati. Nataka kuona jua yenyewe." Akawageukia wageni, wakacheka. "Hiyo mashine si ni ya kuangalia na macho?"

Nilimweleza kwamba haiwezekani, ni hatari. Alinisikiliza kwa upole, kama unavyomsikiliza mtoto wa mtu, kisha akatazama sanduku lililokuwa wazi kwenye meza. Sijui ni kwa nini nililiacha wazi.

"Na hii nyeusi ni ya nini? Si ni ya hiyo kazi? Mimi niko na miwani ya kuchomelea chuma kwa gereji yangu, iko hivi tu."

Mwalimu mkuu aliniangalia. "Hicho kioo ni cha darubini hii?"

"Ndiyo, lakini tuliambiwa tusikitumie."

"Kimetengenezwa kwa kazi hiyo?"

"Ndiyo."

Alisogea karibu, akashusha sauti. "Mwekee aone dakika moja. Nitakuwa na shida kubwa nikimrudisha hivi mbele ya wageni wake."

Leo nikisimulia, watu huniuliza kwa nini sikukataa. Nilikuwa msaidizi wa maabara. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na mbele yangu alikuwa mtu aliyeweza kusema neno moja na mimi nikarudi kukamua ng'ombe. Hilo ni jibu, na ni la kweli, lakini halinitoshi mwenyewe. Kuna jibu jingine. Kioo kile kilikuwa kimekaa sandukuni miaka yote, nami pia nilitaka kujua jua lenyewe linaonekanaje.

Nikakifunga. Nilitazama mimi wa kwanza, nikisema moyoni kwamba likitokea la kutokea na linipate mimi. Halikutokea. Niliona upande wa tunda jekundu ukining'inia gizani, na madoa yangu yaliyokwisha kuachiwa yamo, makali, meusi.

Mwenyekiti akapiga magoti, kwa sababu jua lilikuwa juu karibu na utosi na darubini imesimama wima. Akaangalia kwa muda mrefu. "Aisee," akasema. "Aisee." Kisha wageni wake, mmoja baada ya mwingine. Kisha mwalimu mkuu. Kisha mchungaji mmoja. Dakika moja ilikuwa imeshakuwa robo saa, na jua lilikuwa linakua, linarudi kwenye ukubwa wake, nami nilikuwa nasukuma darubini kulifuata, nikiwa na furaha. Sina neno jingine. Nilikuwa na furaha na fahari, na mkono wangu ulikuwa juu ya bomba la shaba lililopata moto.

Nikamtafuta baba. Alikuwa bado ameketi kwenye kibao chake, saa mkononi, daftari magotini, akingoja nimtajie mwezi ukiliachia kundi la saba.

"Baba, njoo uone. Sasa ni zamu yako."

Alitikisa kichwa. "Naandika."

"Njoo tu, Baba."

"Njoo, mzee, usiogope!" akasema mwenyekiti kwa sauti kubwa. "Hii msichana yako ametuonyesha maajabu."

Watu wakacheka kwa wema. Baba akaweka daftari chini, akaweka kalamu juu yake isipeperuke, akaja. Alivua kofia. Akapiga goti, akaleta jicho lake la kulia. Akatulia.

"Naliona," akasema.

Nikasikia mlio mdogo sana, kama mtu aliyekanyaga ganda la yai. Baba alirudisha kichwa nyuma ghafla, kama amepigwa kofi, akaketi kwenye nyasi. Hakupiga kelele. Alifunika jicho kwa kiganja.

"Baba?"

"Ni mwanga tu. Umenichezea. Ngoja upite."

Nilichungulia kioo kwa pembeni. Kilikuwa na ufa kutoka ukingo hadi ukingo, na nuru ilikuwa inapita katikati yake kama uzi mweupe. Niliisukuma darubini upande, ikaangalia msitu. Mwalimu mkuu akauliza kuna nini. Nikasema kioo kimepasuka. Mwenyekiti akasema loo, bahati kwamba tumeshaona sote. Chai ilikuwa tayari. Watu wakaenda kunywa chai.

Baba alirudi kwenye kibao chake. Aliokota daftari, akaliweka magotini, akashika kalamu, na hakuandika. Nilimwuliza tena kama yuko sawa. Alisema yuko sawa. Hakuwa na maumivu, na hilo lilinidanganya. Baadaye daktari alinieleza kwamba nyuma ya jicho hakuna mahali pa kuhisi moto.

Kwa siku mbili alinificha. Alipeleka maziwa, alikata majani ya ng'ombe, alikula. Aliacha tu kusoma Biblia baada ya chakula, akisema amechoka. Siku ya tatu nilimkuta zizini akimimina maziwa kutoka ndoo kwenda mtungini. Maziwa yalikuwa yanamwagika pembeni, yanatengeneza matope meupe, naye anamimina kwa makini kabisa.

Nikamshika mkono.

"Baba, unaniona?"

Aligeuza uso wake upande, akageuza tena, kama kuku anayetafuta punje. "Naona gauni," akasema. "Naona miguu yako. Naona mlango kule nyuma. Nikiutazama uso wako, uso haupo."

Mjini Nyeri hospitalini walimtia matone, wakamulika, wakaandika barua ya kutupeleka hospitali ya macho upande wa Nairobi. Kule daktari alikuwa kijana wa umri wangu, mwenye sauti ya chini. Alitazama jicho la kushoto, akauliza lilipatwa na nini, baba akamwambia, akatazama la kulia, akauliza, baba akasema, "Jua." Daktari akaniita nje ukumbini. Alisema katikati kabisa ya jicho, pale pa kusomea na pa kutambulia watu, pameungua. Pembeni ni pazima. Atatembea, hatagonga kuta.

"Kuna dawa?"

"Hakuna."

"Upasuaji?"

"Hakuna cha kupasua."

"Sasa tufanye nini?"

"Mngoje. Wengine hupata nafuu kidogo kwa miezi sita. Wengine hawapati." Alinipa karatasi zenye miraba midogo na nukta katikati. Kila wiki mgonjwa aitazame nukta na kusema ni miraba gani haioni, nami niitie penseli, ili ijulikane kama sehemu iliyoungua inapungua.

Basi hiyo ndiyo kazi tuliyofanya miezi ile. Jumapili baada ya kanisa tuliketi nje ya jikoni, karatasi juu ya meza, baba akiwa ameelekeza jicho lake mahali nilipomwambia pana nukta.

"Hapa?"

"Sioni."

"Hapa?"

"Sioni."

"Na hapa?"

"Hapo naona mstari, umejikunja."

Nikatia penseli. Mkono wangu ulikuwa umezoea. Nilichora doa la baba yangu kwa uangalifu uleule, ukingo wake na kivuli chake, nikaandika siku. Wiki ya pili nililinganisha na ya kwanza, wiki ya tatu na ya pili. Madoa ya jua huyeyuka. Hata yale makubwa, ambayo ndani yake ungeweza kuitupa dunia nzima, yanadumu mwezi au miwili, kisha yanachakaa, yanatoweka. Nilikuwa nimechora mamia. Hili halikusogea hata mraba mmoja. Kufikia mwezi wa sita nilianza kudanganya kidogo, nikiacha wazi miraba ya ukingoni, nikimwambia, "Naona linapungua, Baba." Akasema, "Andika unachokiona, Mama." Nikaacha kudanganya. Mwezi wa nane nikaacha kuchora.

Kila mtu alikuwa mwema, na hakuna aliyekuwa na msaada. Mwalimu mkuu alikuja nyumbani, akalia, akaomba msamaha kwa baba. Mwaka uliofuata akahamishwa. Wachungaji waliomba. Dada yangu wa Tetu alimleta mganga wa majani, dada wa Chaka akaleta miwani aliyonunuliwa mtu mwingine. Baba aliivaa siku nzima ili asimuumize.

Mwenyekiti nilimkuta sokoni Chaka, miaka mitatu baadaye. Alinitambua yeye kwanza. "Wewe si msichana wa jua! Ile siku mimi siwezi sahau mpaka kufa. Nimewaambia watoto yangu yote." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumwambia siku nikimpata. Niliyajua kwa moyo. Nilimtazama usoni, akiwa na furaha kama ya mtoto, na nikaona kwamba hakujua. Hakuna aliyemwambia. Nikasema, "Asante, mzee," akanunua viazi vyake, akaenda.

Darubini niliirudia, kwa sababu baba alinilazimisha. Alisema watu wa ng'ambo wanangoja namba. Nilichora peke yangu, nikashika ubao kwa mkono mmoja na penseli kwa mwingine, na yeye akaketi kwenye kibao chake akiinusa hewa na kunitangazia mawingu. Hilo hakulipoteza. Lakini madoa yalikuwa yanapungua tena mwaka hata mwaka, na mimi nilikuwa nikishusha kalamu kabla ya kumaliza. Ikafika barua nyingine iliyopigwa taipu. Walisema sasa wana mitambo inayolipiga jua picha kila siku, hawatahitaji tena michoro ya mkono, na wanatushukuru sana. Nilimsomea baba. Hakuniomba niisome mara ya pili.

Siku moja ya Julai, ukungu umeshuka mpaka kwenye majani ya migomba, tulikuwa tunamenya viazi jikoni, yeye kwa vidole na mimi kwa macho. Sikupanga kusema. Nilisema tu.

"Baba, kile kioo. Niliambiwa nisikitumie. Mwalimu aliniambia tangu siku ya kwanza. Nilijua."

Aliendelea kumenya. Kisu chake kilizunguka kiazi chote, ganda likatoka moja, refu.

"Najua ulijua," akasema. "Si wewe uliyeniambia? Usiku ule uliniigizia Mzungu mpaka nikakohoa chai."

Nikaacha kiazi. "Ulikumbuka? Siku ile ulikumbuka?"

"Nilikumbuka."

"Sasa mbona ulikuja? Mbona ulipiga goti?"

Alikizungusha kiazi kwa kidole gumba kutafuta ganda lililobaki. "Ulikuwa umeniita mbele ya watu," akasema. "Wote walikuwa wameangalia. Ningekataa, wangejua kwamba umewawekea kitu kibaya." Akatupa kiazi kwenye maji. "Halafu nilikuwa nataka kuona. Miaka mitatu naandika namba za kitu ambacho sijawahi kukitazama."

Nilitaka kumwuliza aliona nini kwa sekunde zile chache. Sikuweza. Alikuwa amesharudia kumenya, anapapasa karai kutafuta kiazi kingine. Nikalisukuma karibu yake. Baadaye nilijiambia kwamba nitamwuliza siku nyingine, tukiwa tumetulia, na nilijiambia hivyo kwa miaka tisa, mpaka nimonia ilipomchukua kwa siku nne, katika wodi ya wanaume mjini Nyeri, akiwa ameshika kidole changu na kugeuza uso huku na huku anitafute kwa pembeni ya jicho.

Shule iliniongezea cheo, nikawa msimamizi wa maabara zote tatu, na nikastaafu salama. Darubini iliingia ukungu kwenye lenzi, ikauzwa pamoja na madawati mabovu. Madaftari niliyachukua mimi. Yako kwenye kabati la nguo, manne, mwandiko wake na wangu. La tatu lina siku ile ya mwezi wa pili: dakika ya kuumwa kwa jua, dakika ya kundi la kwanza, la pili, mpaka la kumi na moja, kisha makundi yakiachiwa, la kwanza, la pili, hadi la sita. Kutoka la saba mistari aliipiga kwa rula mapema, na hakuna kilichoandikwa.